Kulirudisha Jiko Motoni

Lusail ni mji uliokuwa na ramani kabla ya kuwa na wakazi. Ujenzi wake ulianza mwaka 2006 chini ya kampuni ya Qatari Diar, kaskazini mwa Doha, kwenye pwani ya kilomita za mraba 38, na karibu kila hitaji la mwanadamu lilipangiwa mahali pake: maji ya baridi yanayosambazwa kwa mabomba ili kupoza majengo, takataka zinazofyonzwa kwa hewa kupitia mabomba ya chini ya ardhi, tramu, bandari ya mashua za starehe, na uwanja wa mpira uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia tarehe 18 Desemba 2022. Fundi bati simwoni katika mpango huo. Anayetaka kuziba tundu la chuma, kupigiwa ribiti au kuungiwa mguu wa jiko uliovunjika hufunga safari hadi Sanaiya, eneo la viwanda lililo upande wa pili wa Doha, ambako gereji na karakana zimebanana na mafundi wengi wanatoka Asia ya Kusini. Sisemi hili kuulaumu mji. Mji mpya una haki ya kuanza na kuta safi. Nalisema kwa sababu mahali pasipo na fundi ndipo tunapoona wazi kitu cha kale kinategemea nini ili kiendelee kuwa kile kilicho.

Kitu chenyewe ni jiko la makaa la zamani: seredani ya chuma cha kusubu, jiko la bati la mafundi wa Nairobi na Mombasa, jiko la kuchomea nyama lenye mfuniko wa mviringo lililotengenezwa Marekani miaka ya 1950, au ile duwa ya Waarabu wa Ghuba ya kukalishia dele la kahawa. Vitu hivi sasa vinatafutwa. Vinatolewa kwenye mabanda, vinasuguliwa kutu, vinapakwa rangi nyeusi inayong'aa na kuwekwa sebuleni au kwenye mlango wa mgahawa, na waliofanya hivyo husema wameliokoa jiko. Mimi nashikilia kwamba bado. Jiko la makaa limeokolewa pale linapoweza kuwashwa, likapika, likachakaa mahali lilipokusudiwa kuchakaa, na akapatikana mtu wa kubadilisha kile kilichochakaa. Likikosa moja ya hayo, kilichobaki ni umbo lake. Ushahidi wangu ni maisha ya jiko lenyewe katika nchi zetu, maisha ambayo watu wa rika langu tumeyaona yakigeuka mara mbili.

Jiko tulilolikuta lilikuwa la bati tupu. Historia zinazolitaja husema lilienezwa bara na vibarua wa Kihindi wa reli ya Uganda, reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Fundi alilikata kutoka kwenye pipa la mafuta au debe, akakunja kingo zikashikana bila kuchomelewa, akapiga ribiti, akatoboa wavu wa kushika mkaa, na chini akaacha mlango mdogo wa kuingizia hewa na kutolea majivu. Lilikuwa jepesi, lilishika moto upesi, na lilipoteza joto pembeni kiasi kwamba mpishi hakuweza kukaa nalo karibu. Wavu ndio uliooza kwanza. Ulibadilishwa, jiko likaendelea. Baadaye mlango, baadaye kitako. Hakuna aliyeiita kazi hiyo ukarabati wala kuisifia. Ilikuwa sehemu ya kumiliki jiko, na kila soko lilikuwa na mtu wa kuifanya kwa bei ambayo mama wa nyumba aliweza kuitoa kwenye fedha ya mboga.

Maarifa ya mpishi nayo yalikaa ndani ya chombo hicho. Wali wa nazi ulipokaribia kukauka, makaa ya chini yalipunguzwa, mfuniko ukapaliwa, na sufuria ikawa katikati ya mioto miwili. Mkate wa kumimina uliokwa vivyo hivyo. Anayepalia lazima ajue makaa yenye majivu membamba juu yake yanatoa joto gani, na yale mekundu matupu yataunguza nini. Ajue pia kufungua mlango wa hewa kwa upana wa vidole viwili au kuuziba kabisa. Maarifa haya hayakuandikwa popote nyumbani. Yalikuwa mikononi, na mikono ilijifunza kwa kuwa jiko lilikuwepo na linawaka. Hili ni la kuzingatia, kwa sababu jiko lililozimwa daima linapoteza kwanza kitu ambacho hakionekani kwenye picha ya mnada.

Mageuzi ya kwanza yalikuja miaka ya 1980. Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya vyanzo vipya na jadidifu vya nishati, wakati bei ya mafuta ilikuwa imezitikisa nchi maskini na wataalamu wameanza kuhesabu miti inayoishia kuwa mkaa. Katika miaka iliyofuata, shirika la KENGO, mbunifu Maxwell Kinyanjui na mafundi wa jua kali wa Nairobi, wakiwemo wa Shauri Moyo, walilifanyia kazi wazo lililotoka Thailand, ambako watu walipikia jiko la umbo la ndoo lenye udongo ndani. Wazo hilo halikukubali kuhamishwa lilivyo. Udongo uliofunika ukuta wote ulilifanya jiko kuwa zito. Umbo lililoshinda mwishowe ni la koni mbili zilizokutana kiunoni: bati nje, udongo uliochomwa ukikaa nusu ya juu peke yake, ukishikwa na saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, na kitako kipana kisichopinduka mpishi anaposonga ugali. Lilikata matumizi ya mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 kulingana na vipimo vilivyotangazwa. Halikuwekewa hataza, na kwa sababu hiyo mafundi wa Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia waliweza kuliiga na kulirekebisha kwa udongo wao.

Nimelitaja kwa kirefu kwa sababu ndilo ushahidi wangu mkubwa. Jiko hilo lilikuja sokoni pamoja na kipuri chake. Udongo wa ndani hupasuka, na wabunifu walijua utapasuka. Wafinyanzi walitengeneza udongo peke yake, mafundi bati wakatengeneza koti peke yake, na mwenye jiko angeweza kununua kimojawapo bila kingine. Ukilikuta leo jiko bora, kama linavyoitwa jiko hilo, la miaka 20, huenda udongo wake ni wa tatu au wa nne na wavu wake hauhesabiki, na bado ni jiko lile lile machoni pa kila aliyelipikia. Wakati Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa jua kali mwaka 1985 na serikali ikaanza kuwajengea mabanda, ilichokuwa inakitambua, ijue isijue, ni kwamba bidhaa hizi zina maisha marefu kuliko chuma chake, mradi pawe na banda lenye nyundo karibu.

Mageuzi ya pili yanaendelea sasa, na hayo nitayapitia haraka kwa sababu kila msomaji anayaishi. Gesi imeingia jikoni kwa mitungi midogo. Tanzania iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024, na mkakati wake wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Siyasikitikii mabadiliko haya hata kidogo. Mwanamke anayepikia familia yake kila siku amepumua moshi wa kutosha. Ninachokiona ni matokeo ya pembeni: jiko likishatoka kwenye kazi ya kila siku, fundi wake hupoteza mteja, na jiko lenyewe hubaki na njia mbili, kuwa chakavu la kuuzwa kwa kilo au kuwa pambo.

Ndiyo maana jiko la kawaida kabisa limekuwa adimu. Mlango wa nakshi wa Lamu au Zanzibar ulilindwa tangu mwanzo kwa sababu ulikuwa ghali siku ulipotengenezwa. Jiko la bati halikulindwa na mtu. Lilipooza kupita kiasi liliyeyuka katika chakavu, na lililofuata likakatwa kutoka pipa jingine. Kwa hiyo jiko la bati la miaka ya 1930 au 1940 lililobaki zima, lenye alama ya nyundo ya fundi wake, ni kitu kigumu kupatikana kuliko sanduku la njumu. Vivyo hivyo seredani za kusubu zilizosafiri majahazini. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait lililofika Zanzibar na kupakia boriti katika delta ya Rufiji. Boriti kama zile ndizo zilizoezeka nyumba za Ghuba, za Doha zikiwemo. Boriti bado zinaonekana darini. Vyombo vya moto vilivyowapikia mabaharia waliozileta karibu vyote vimetoweka, kwa sababu chumvi ya bahari na majivu yenye unyevu hula chuma upesi kuliko mchwa anavyokula mkoko.

Kuna kitu kingine tulichokiokoa nusu, na kinafaa kutuonya. Pasi ya mkaa, yenye jogoo mdogo kwenye komeo lake, imo leo katika mapokezi ya hoteli nyingi za pwani. Imesuguliwa, imepakwa rangi ya dhahabu, wakati mwingine imetobolewa iwe taa. Pasi zipo tele; wanaojua kiasi gani cha makaa kinafaa kitenge na kiasi gani kinafaa kanzu ya pamba wanapungua kila mwaka. Sidai turudi kupiga pasi kwa mkaa. Nasema kwamba tulipoamua pasi ni ya kutazamwa tu, tuliikata pia ile kamba iliyoiunganisha na kazi, na baada ya hapo hatukuona ubaya kuitoboa. Chombo kisicho na kazi hakina namna ya kumkatalia anayetaka kukiharibu.

Wamarekani wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi, kwa sababu majiko yao ya kuchomea nyama yana majina na tarehe. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alitumia umbo la boya la chuma kutengeneza jiko la mviringo lenye mfuniko na matundu ya hewa, na kutoka hapo ikazaliwa aina nzima. Watu hutafuta ya mwanzo kwa bidii, hasa yenye rangi zisizotengenezwa tena. Kati yao kuna wanaosema jiko adimu lisiwashwe kamwe, kwani kila moto unapunguza thamani yake. Ni hoja nzito kuliko inavyoonekana. Enameli ya kiwandani ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la karibu nyuzi 800. Ikibanduka hairudishwi kwa brashi wala kopo la rangi. Mwenye jiko moja kati ya machache yaliyosalia, akilichoma likabanduka, amepoteza kitu ambacho pesa hainunui.

Nawajibu hivi. Enameli hiyo iliwekwa kwa sababu ya moto. Ilichaguliwa ili mvua, mafuta ya nyama na joto visilile chuma, na katika matumizi ya kawaida inavumilia miongo kadhaa. Kinachoibandua hasa ni kupigwa, kumwagiwa maji baridi ikiwa moto, na majivu yaliyoachwa ndani yakanyonya unyevu. Hayo matatu yanatokana na uzembe, na mtu mzembe ataliharibu jiko hata ghalani. Nakubali lakini kwamba kuna vitu vichache mno ambavyo haviwezi kuwekwa hatarini: kielelezo cha kwanza cha mbunifu, jiko pekee la aina yake, jiko la meli iliyozama lililotolewa chini ya maji. Hayo ni ya makumbusho, na makumbusho yayatunze bila kuyawasha. Ninachokataa ni kuifanya kanuni ya vitu vitatu au vinne iwe kanuni ya maelfu.

Kazi yenyewe ya kulirudisha jiko motoni ina utaratibu unaothibitisha hoja yangu, kwa maana kila hatua inaamuliwa na swali moja: je, litawashwa? Hatua ya kwanza ni kujua chuma. Sumaku hushika chuma cha kusubu na bati vilevile, hivyo haitoshi. Mgongo mzito na mpasuko wenye chembe za kijivu ni dalili za kusubu, na kingo zilizokunjwa ni za bati. Kutu ya juu hutoka kwa brashi ya waya na siki. Kutu ya ndani hutolewa kwa umeme: chombo huzamishwa katika maji yenye soda, kikaunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri, na kipande cha chuma kisicho na thamani kikawekwa upande chanya kiliwe badala yake. Kipande hicho kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Kupiga mchanga kwa mashine ni haraka, lakini hufuta alama ya msubu, nambari, na ile mikwaruzo ya nyundo inayotuambia mkono wa nani ulifanya kazi. Rangi ya zamani ishukiwe kuwa na risasi na isikwanguliwe kavukavu. Bati lililopakwa zinki lisipelekwe kwenye moto mkali wala kuchomelewa chumba kimefungwa, kwani mvuke wa zinki humwangusha mtu kwa homa.

Baada ya hapo ndipo palipo na utengano kati ya jiko la kutazamwa na jiko la kupikia. Kwa jiko la kutazamwa, ufa katika chuma cha kusubu hujazwa gundi ya chuma, ukasuguliwa, ukapakwa rangi, na hakuna anayejua. Kwa jiko la kupikia gundi hiyo haifai kitu. Kipande lazima kipashwe moto taratibu chote, kiungwe kwa shaba nyeupe au kwa fimbo yenye nikeli, kisha kipozwe polepole chini ya majivu makavu ili kisipasuke pembeni ya pale kilipoungwa. Rangi ya duka la vifaa haiwekwi panapogusa chakula. Panapakwa mafuta ya kitani au ya ng'ombe, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likipashwa hadi likauke. Ribiti hubadilishwa kwa ribiti, kwa sababu kingo za bati zinahitaji kucheza kidogo zinapopata joto, na mshono wa kuchomelea huzizuia mpaka zinapopasuka. Wavu mpya wa kuwekea nyama hukatwa kwa kipimo cha wa zamani, na umbali kati ya wavu na mkaa hauguswi, kwa sababu ndio unaoamua nyama ya jiko hilo inaivaje. Anayefanya haya yote lazima ajue jiko linavyofanya kazi. Anayepaka rangi hahitaji kujua.

Hapa linakuja pingamizi ambalo Doha yenyewe inalijua vizuri. Ukibadilisha wavu, mguu, ribiti na nusu ya kitako, umebakiwa na jiko lile lile? Souq Waqif iliulizwa swali hili. Soko hilo la kale liliharibiwa na moto mwaka 2003, na kati ya 2004 na 2008, chini ya uongozi wa msanii Mohamed Ali Abdullah, majengo mengi ya siku za karibuni yalivunjwa, kuta zikajengwa upya kwa namna ya zamani, na dari zikaezekwa boriti. Wako wanaosema kilichosimama pale ni kipya chenye sura ya kale. Wana hoja katika ukuta mmoja mmoja. Lakini watu bado wanauza viungo, ndege, nguo na vyombo vya kahawa palepale, wanabishana bei palepale, na kwa soko hilo ndilo jambo la kwanza kuuliza. Kwa jiko kipimo changu ni hicho hicho, ila naongeza sharti la ukweli: kipande kipya kisijifanye cha zamani. Kipigwe muhuri mdogo wa mwaka chini yake, na cha zamani kitunzwe ndani ya mfuko. Fundi wa jiko bora hakuwahi kuuficha udongo mpya; ulikuwa mwekundu kabisa ndani ya koti lililofubaa, na kila mtu aliona.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu mkaa wenyewe, na sitaki kulipita kwa wepesi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee. Miombo ya Tanzania na migunga ya Somalia imekatwa kwa ajili ya majiko ya mijini na, kwa Somalia, kwa ajili ya masoko ya Ghuba hii hii. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2036 lililopiga marufuku mkaa wa Somalia, kwa kuwa fedha yake ilikuwa inawanenepesha wanamgambo wa Al-Shabaab kupitia bandari kama Kismayu. Kwa hiyo anayewasha mkaa katika Ghuba ana jambo la kujibu ambalo mchomaji nyama wa Chicago hana. Je, si afadhali majiko haya yazimwe yote, na tubaki na picha zake?

Ingekuwa afadhali kama chaguo lingekuwa kati ya jiko la zamani na kutochoma kabisa. Hali haiko hivyo. Majira ya baridi yakifika, kati ya Novemba na Machi, watu wa Qatar na wageni wao huchoma nyama nje, jangwani na ufukweni, na Waafrika Mashariki walioko Doha nao wana nyama choma na mishkaki yao. Mkaa utawaka. Swali linalobaki ni utawaka ndani ya nini. Majiko ya bati jembamba yanayonunuliwa mwanzoni mwa msimu na kutupwa mwishoni hayana mfuniko, hayana mlango wa hewa, na mkaa uliobaki humalizikia humo bila kupika chochote. Jiko zito la zamani ambalo mfuniko wake umekalishwa sawasawa na matundu yake ya hewa yanafunga, huzimika baada ya kuzibwa, na mkaa uliosalia huwashwa siku nyingine. Jiko lililopakwa rangi tu, lenye mfuniko ulioinama, huuchoma wote. Pingamizi la mkaa, likifuatwa hadi mwisho, linadai ukarabati wa kweli zaidi kuliko ule wa sebuleni. Linadai pia tuchague kinachochomwa: mkaa wa vifuu vya nazi, au wa mathenge, mti uliopandwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa ukageuka balaa la wafugaji, na ambao umevamia ardhi ya Qatar pia. Moshi nao una sheria yake, na haina mjadala: jiko la makaa halina nafasi ndani ya nyumba wala kwenye roshani ya ghorofa ya Lusail. Gesi yake ya sumu haina harufu, na imewaua watu waliojifungia nayo wakitafuta joto.

Gharama ni pingamizi dogo lakini husemwa mara nyingi. Ni kweli kwamba kumlipa fundi wa Sanaiya siku mbili ni ghali kuliko jiko jipya la duka kubwa, na ukijumlisha usafiri kutoka Lusail ni ghali zaidi. Hesabu hiyo hulinganisha jiko la miaka 50 na jiko la msimu mmoja, na humhesabu fundi kama hasara. Mimi namhesabu kama sehemu ya kitu kinachonunuliwa. Kila jiko linalopelekwa kwake linampa sababu ya kuendelea kuweka ribiti, fimbo za nikeli na mkasi wa bati, na la kumi litakuwa rahisi kuliko la kwanza. Lisipopelekwa hata moja, baada ya muda hatakuwepo wa kulipokea hata kama mwenyewe ana fedha. Kamukunji, eneo la mafundi wa jua kali wa Nairobi, imedumu kwa sababu hiyo. Karakana zake hazikuokolewa na tamasha la urithi. Ziliokolewa na watu walioendelea kuleta vitu vilivyovunjika.

Kwa Lusail, ambayo hewa yake ya bahari wakati wa kiangazi hubeba unyevu na chumvi juu ya joto la zaidi ya nyuzi 40, mambo yanayotakiwa ni machache na yanawezekana. Majivu yatolewe siku ile ile, jiko lipakwe mafuta kabla ya miezi ya joto na lifunikwe kwa kitambaa kinachopumua, kwa sababu turubai la plastiki hufungia unyevu ndani. Kila jiko liwe na daftari lake, kurasa chache tu: chuma gani, kipande gani kilibadilishwa, mwaka gani, kwa njia gani, kwa karakana ipi. Fundi alipwe pia kwa kuchora alichokifanya, kwa sababu mafundi wa Ghuba huja kwa mkataba na huondoka mkataba ukiisha, na ujuzi wa jiko fulani huondoka nao. Wavu ndio utakaooza kwanza, kwa hiyo kiolezo chake kikatwe kwenye kadibodi ngumu, kiandikwe unene wa chuma na umbali wake kutoka kwenye mkaa, na kihifadhiwe pamoja na daftari.